Zamu ya Saa Sita Mchana

Watu wakisimulia mambo ya namna hii husema yalimpata binamu wa jirani, au mke wa mtu waliyefanya naye kazi. Haya yalinipata mimi, na siku yalipoanza nilikuwa nasugua sufuria kwa maji ya chumvi.

Mume wangu ni nahodha wa kupeleka boti za watu. Mtu akinunua boti ya matanga ng'ambo ya bahari, na hana muda wala moyo wa kuileta mwenyewe, anamwita yeye. Safari hiyo ilikuwa ya wiki tano, boti yenyewe ndogo, mita kumi na moja, na msaidizi wake wa siku zote alikuwa amevunjika mguu. Basi tukaenda kifamilia: yeye; mdogo wake, ambaye ni fundi wa injini na kila mtu anamwita Spana; mimi, jikoni na kwenye zamu; na binti yetu wa miaka tisa. Binti tunamwita Chiriku kwa sababu hanyamazi. Nisingemchukua, lakini shule zilikuwa zimefungwa, na mama yangu ambaye angebaki naye alikuwa ametoka kupasuliwa jicho.

Wanaodhani safari ya boti ya matanga ni starehe hawajawahi kupika ndani yake. Jiko limening'inizwa ili lisimwage boti ikilala ubavu. Mpishi hajaning'inizwa. Unajifunga mkanda kiunoni, unakata kitunguu kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili unazuia kisu kisikufuate. Maji ya kunywa ni ya kupimwa kwa kikombe. Nguo zikikauka zinasimama zenyewe kwa chumvi. Mtoto ana hesabu zake za kufanya mezani, na kila akiiweka penseli chini inaondoka. Kila baada ya saa chache kuna zamu.

Zamu ndiyo sheria ya kwanza ya boti. Tulikuwa watu wazima watatu, saa tatu tatu kila mmoja, mchana na usiku, na kwa kuwa siku ina zamu nane, hakuna aliyekuwa na saa zake za kudumu. Leo mchana ni wako, kesho ni wa mwingine. Mume wangu alitufundisha namna ya kupokezana, na hakutaka mzaha.

"Humu ndani hakuna kuitana majina. Wengine wamelala. Unashuka, unashika kidole gumba cha mguu cha anayefuata, unasubiri agune. Akiguna, amekubali zamu. Unarudi juu unamngoja."

"Na nisipoguna?" Spana akauliza.

"Nitakivunja."

Juu, kwenye benchi la nyuma kando ya mpini wa usukani, anayeondoka anatoa taarifa: mwelekeo, upepo, meli zilizoonekana. Anayeingia anarudia yote, kisha anasema, "Nimepokea." Asiposema hivyo, hushuki. Hata kama unakufa kwa usingizi, hushuki. Zamu ikishaisha unaandika kwenye daftari la safari na kutia jina lako.

Wiki mbili za kwanza tulifanya hivyo kama wanajeshi.

Siku ya kumi na nne upepo ulikufa. Bahari ikalala kama mafuta kwenye sinia. Matanga yakaning'inia. Spana alisema dizeli tuitunze kwa ajili ya kuingia bandarini, kwa hiyo tukakaa. Siku mbili, tatu. Joto la saa sita mchana lilikuwa la kukaanga mtu. Tulivuta mapazia chini, kila mmoja akajilaza kitandani kwake amefunikwa shuka moja, na aliyekuwa juu alijifunika taulo bichi kichwani.

Mimi ndiye niliyesema tufupishe. Hilo silifichi. Nilimwambia mume wangu, "Baba Chiriku, hakuna upepo, hakuna meli, usukani umefungwa kwa kamba. Hiyo taarifa ya nini? Mtu ashike kidole, asikie mguno, akalale. Kukaa wawili kwenye jua hili ni kujichoma bure."

Akanitazama. Alikuwa amechoka kama mimi. Akasema, "Sawa. Mchana tu."

Siku iliyofuata zamu ya asubuhi ilikuwa yangu. Saa sita nilishuka nikiwa sioni vizuri kwa mwanga. Aliyefuata alikuwa Spana. Yeye alilala kwenye kile kitanda tulichokiita pango, kijitundu kirefu chini ya benchi la nyuma. Unaingia kwa kichwa, na kinachobaki nje ni miguu tu, chini ya shuka. Nikashika kidole. Nikasikia mguno. Nikajitupa kitandani kwangu uso ukutani, na nyuma yangu nikasikia hatua zikipanda ngazi, polepole, za mtu mzito.

Nililala kama gunia.

Nilipoamka ilikuwa karibu saa kumi na mbili jioni, na Spana alikuwa akipiga miayo akishuka.

"Shemeji," akasema, "mara nyingine vaa glavu. Mkono wako baridi kama umetoka kwenye friji."

"Umeanza saa ngapi?"

"Ulivyoniamsha. Saa tisa."

"Nilikuamsha saa sita."

"Basi nilikataa. Saa sita mimi nilikuwa ndotoni na sitaki kukwambia na nani."

Tukacheka. Nilidhani alikuwa amepanda, akasinzia huko juu, na sasa anajitetea. Sikufuata. Mama aliyelala saa sita mfululizo kwa mara ya kwanza tangu ajifungue haanzi kuuliza maswali. Lakini nilipokuwa namenya viazi nikakumbuka ule mguno na zile hatua, kisha nikalitazama lile pango. Mule ndani watu wawili hawatoshi.

Ikawa hivyo siku ya pili, siku ya tatu, siku ya nne. Anayetoka saa sita alishika kidole, akasikia mguno, akalala. Anayefuata alishtuliwa saa tisa kwa mkono wa baridi. Kila mmoja alidhani mwenzake amejitolea. Mume wangu akawa ananishukuru kwa macho. Mimi nikamshukuru Spana kwa kumpa kipande kikubwa cha nyama ya kopo. Spana alikula akanyamaza, maana naye alidhani kaka yake anamhurumia. Sote tulikuwa tumenawiri. Kwa watu waliokwama katikati ya bahari, tulikuwa na furaha ya ajabu.

Chiriku ndiye aliyetuamsha kweli.

Alikuwa mezani anagawanya namba. Mimi nilikuwa nikishona mfuko wa tanga. Bila kuinua kichwa akasema, "Mama, na mimi nimeingizwa kwenye zamu?"

"Nani kakuingiza?"

"Huyo anayeshika kidole."

Sindano ikasimama. Chiriku alilala mbele kabisa, kwenye pua ya boti, kwenye kitanda cha pembetatu nyuma ya kijimlango. Hakuna zamu iliyowahi kupita huko.

"Alikushika lini?"

"Jana mchana, mlivyolala. Nikamwambia mimi mtoto, baba amesema mpaka nifike kumi na tano. Hakusema kitu. Akaendelea kushika."

"Halafu?"

"Nikaguna. Si ndiyo sheria? Ukiguna anaachia."

Niliiweka ile sindano chini kwa uangalifu, kama kitu cha kioo.

"Ukapanda juu?"

"Mpaka ngazini tu. Jua lilikuwa kali, nikarudi kuchukua kofia, nikasinzia." Akafuta jibu lake kwa kifutio. "Alikuwa amenipa mgongo. Mgongo mkubwa. Akasogea ili nipate pa kukaa."

Nilimpeleka mume wangu nyuma, nikamweleza kwa kunong'ona. Alianza kusema habari za joto na kukosa maji. Nikamletea daftari la safari. Saa sita hadi saa tisa, siku nne. Kila mstari ulikuwa umejazwa, mwandiko mzuri, umelala upande. Upepo: hakuna. Meli: hakuna. Mwelekeo: mia mbili arobaini. Safu ya jina ilikuwa tupu. Huo mwandiko haukuwa wangu. Haukuwa wake. Spana, tulipomwita, alitazama akasema, "Mimi hata jina langu siandiki hivyo," na kwa mara ya kwanza safari nzima hakuongeza mzaha.

Kisha mume wangu akakaa chini. Namjua. Akikaa hivyo kuna kitu alikuwa amekikalia muda mrefu.

"Boti hii ilikutwa," akasema.

"Ilikutwa wapi?"

"Huku huku. Meli ya mizigo iliiona, matanga juu, usukani umefungwa, hakuna mtu. Walikuwa wawili. Mwenye boti na mwenzake. Mwenye boti hakupatikana. Mwenzake aliokotwa siku nyingine kwenye kiboya, akiwa hai, hana akili tena. Alikuwa anarudia kwamba alipitiwa na usingizi, hakupanda zamu yake."

"Uliniambia ni boti ya mzee aliyestaafu."

"Ndivyo walivyoniambia kwanza."

"Na walipokwambia la pili?"

"Ungekataa kumleta mtoto."

Kuna ugomvi unaohitaji nyumba yenye milango. Nilimwambia tu kwamba tutaumaliza nchi kavu.

Kesho yake tulifanya alivyotaka yeye. Saa sita hakuna aliyeshuka. Tulikaa sote watatu kwenye benchi la nyuma, magoti yakigusana, mlango wa ngazi wazi mbele yetu, Chiriku amelala chini kitandani kwake. Asingeweza kupita mtu bila kutukanyaga. Jua likasimama utosini. Bahari haikuwa na hata mkunjo. Spana alikuwa na spana yake kubwa mkononi, nami sikumcheka.

Ikapita saa sita. Ikapita nusu saa. Mume wangu akavuta pumzi ili aseme kitu.

Chiriku akatokea kwenye ngazi.

Alikuwa macho. Miguu mitupu, kofia kichwani, hakufunga mkanda wa usalama. "Nimeitwa," akasema, kwa sauti ya mtoto aliyetumwa dukani. Hakutuangalia. Akapita katikati yetu, akapanda juu ya benchi, akainua mguu wa kwanza kuvuka ukingo wa nyuma. Huko nyuma hakuna kitu. Ni maji.

Spana alimdaka gauni. Kitambaa kikachanika mpaka kwapani, lakini kikashika.

Tulimrudisha chini, akaanza kulia kwa sababu ya gauni. Nikamkagua mwili mzima kama siku aliyozaliwa. Kidole gumba cha mguu wa kulia kilikuwa cheupe, kimekunjamana kama kilicholowekwa usiku kucha. Nikakishika. Baridi yake ilinipanda mpaka kiwikoni.

Wanaume wakaanza kupanga. Tumfunge kamba. Tuwashe injini, tuimalize dizeli. Tupige kelele kwenye redio. Niliwaacha waseme, maana nilikuwa nafikiria kama ninavyofikiria nyumbani bomba likivuja, yaani maji yanapitia wapi.

"Hajapokelewa," nikasema.

Wakanigeukia.

"Mtu ambaye hajapokelewa hashuki. Hiyo ni sheria yako mwenyewe, Baba Chiriku. Yule alimwamsha mwenzake, mwenzake hakupanda. Yupo zamu mpaka leo. Anatafuta wa kumpokea. Sisi tulipoacha kupokezana juu, tukaacha zamu wazi, akaikalia. Sasa ameshika vidole vyetu vyote na hakuna aliyepanda kumwambia neno. Mtoto aliguna. Kwa hesabu yake yeye, mtoto amekubali."

"Nitapanda mimi," mume wangu akasema.

"Wewe una mikono ya kumzuia Chiriku, mimi sina. Na aliyefuta ile sheria ni mimi."

Siku ya sita tangu tufupishe, zamu ya asubuhi niliishika mwenyewe. Saa sita kasoro tano niliwaona wakijipanga chini. Mume wangu alimpakata mtoto, mikono imemzunguka mara mbili. Tulikuwa tumemvalisha mabuti ya baba yake, makubwa, yamekazwa kwa kamba ili kidole kisionekane. Spana alikuwa amekaa amekiegemea kijimlango cha mbele. Nilishuka. Sikushika kidole cha mtu. Nilisimama jikoni, nimewapa mgongo wote, nikahesabu mpaka mia moja. Juu hapakuwa na mtu.

Kisha juu pakawa na mtu.

Unajua nyumbani kwako mtu akiketi kwenye kochi chumba cha pili. Nilijua hivyo. Boti ikazama nyuma kidogo. Mpini ukalia.

Nikapanda.

Sikumtazama. Nilitazama dira. Lakini jicho lina pembeni, na pembeni palikuwa na kitu kikubwa, cheusi kwa umajimaji, katikati ya jua lile. Benchi lilikuwa limelowa. Maji yalitiririka kutoka hapo mpaka miguuni pangu. Yalikuwa baridi. Hakukuwa na harufu. Ningependa kuwe na harufu.

Nikakaa. Mahali pangu palikuwa tayari pameachwa.

"Taarifa," nikasema. Sauti ilitoka ndogo.

Maji yakidondoka. Halafu sauti karibu na sikio langu, taratibu, kama mtu anayeongea huku ana kitu mdomoni.

"Mia mbili arobaini."

"Mia mbili arobaini," nikarudia.

"Upepo hakuna."

"Upepo hakuna."

"Meli hakuna."

"Meli hakuna."

Chini nikasikia mabuti yakigonga sakafu. Mara moja. Mara mbili. Nikamsikia mume wangu akinong'ona jina la mtoto, lile la kweli, ambalo hatulitumii.

"Mtoto anakuja," sauti ikasema.

"Mtoto haji."

Mabuti yakagonga. Haraka sasa. Nikasikia mbao zikilia. Nikasikia Spana akisema huku ameuma meno, mshike, kaka, mshike.

Nikashika mpini wa usukani. Kulikuwa na mkono juu yake tayari. Nikaweka wangu juu ya ule. Ilikuwa kama kushika samaki aliyetoka kwenye barafu, ila samaki hana vidole. Sikuutoa.

"Mtoto haji," nikasema tena. "Zamu yako nimeichukua mimi. Mwelekeo nimeusikia, upepo nimeusikia, meli nimesikia. Nimepokea."

Hakuondoka.

Nikahisi uso ukinigeukia. Nilijua nikigeuka nitauona. Nikakaza macho kwenye dira, namba zikicheza. Na sijui kwa nini, ile hofu ikageuka ikawa uchovu. Uchovu ule ule wa kila siku, wa mtoto anayegoma kulala wakati wewe mwenyewe unasimama kwa shida. Nikasema kama ninavyosema nyumbani.

"Umefanya kazi ya kutosha. Amka hapo. Nenda kalale."

Mkono ukalegea chini ya wangu. Kidole kimoja, kisha kingine. Nyuma ya boti ikainuka kwa upana wa kiganja, kama mtu mzito anapokanyaga gati na kukuacha. Hakukuwa na kishindo majini. Chini, mabuti yakanyamaza.

Nilibaki pale nimeshika mpini. Saa nane na nusu hivi, tanga kubwa likatikisika, likajaa. Sikusogea. Zamu ilikuwa yangu mpaka saa tisa, na saa tisa mume wangu alipanda, akaketi, akasikiliza taarifa yote mpaka mwisho, akasema, "Nimepokea," na sauti yake ilikuwa imepasuka.

Siku kumi na tatu zilizobaki, zamu ya saa sita mchana niliishika mimi kila siku. Sikubadilishana na yeyote. Chiriku hakukumbuka kitu isipokuwa gauni lake.

Tulifika. Boti ikatolewa majini kwa kreni ili tumbo lake lisafishwe kabla ya kukabidhiwa, na ikawekwa pale uwanjani juu ya magogo, inadondosha maji. Kazi hiyo aliifanya bwana mmoja wa makamo mwenye brashi ya waya, mtu wa maneno mengi. Nilikuwa natoa magodoro nje yapigwe jua aliponiita nyuma.

"Dada, mlikuwa mnavuta nini huku?"

Tumbo la boti lilikuwa na ukoga wa kijani na magamba madogo ya bahari, kama ilivyo kwa boti yoyote baada ya wiki tano. Nyuma, chini ya mstari wa maji, ukoga ulikuwa na madoa mawili. Akayawekea viganja vyake kwa mzaha. Viganja vikapotea ndani yake, na bado vidole vya alama vilizidi kwa pingili nzima.

"Kama mtu aliyening'inia," akasema. "Ila aliachia. Unaona huu ukoga mwembamba unaorudi? Huu ni wa wiki mbili, haufiki."

Akazunguka akisugua, akaelekea mbele. Kisha brashi ikanyamaza.

"Na huyu je?"

Nikaenda. Ilikuwa chini ya pua ya boti, upande wa kulia, pale ambapo ndani yake kuna kitanda cha pembetatu, na kati ya kitanda na bahari kuna ukuta wa unene wa kidole. Viganja viwili, vidogo, vimebandikwa bapa. Humo hapakuwa na ukoga hata kidogo. Palikuwa peupe, panang'aa, kama mikono imetolewa sasa hivi.

"Mkono wa mtoto," bwana yule akasema, akifurahi kwa ugunduzi wake. Chiriku alikuwa nyuma yetu tayari, ameshakuja kuuliza maswali. "Njoo, binti, tupime kama ni wako."

Chiriku akanyoosha mkono. Niliudaka ukiwa umebakiza shubiri moja.

"Sugua," nikamwambia yule bwana.

Akasugua mpaka saa kumi jioni. Alibadilisha brashi mara mbili. Alipokuja kunawa kwenye ndoo yangu hakuwa na maneno mengi tena. Alifuta mikono kwenye suruali, akatazama upande wa barabara, akaniambia yale madoa makubwa yametoka.